Koti Lililopungua Asilimia Nne

Tarehe 14 Machi 2017, siku ya Jumanne, nyonga ya mkata vitambaa mkuu wa karakana ya sare ilikuwa inchi arobaini na mbili kamili. Namba hiyo imeandikwa kwa rangi nyeusi ubaoni, kando ya mlango wa stoo, pamoja na tarehe na sahihi ya Bosi, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Kupimwa kwenyewe hakukuwa kwa hiari. Sanamu ya kuvalishia nguo, iliyokuwa imeitumikia karakana kwa miaka kumi na moja bila kudai likizo, ilianguka kutoka juu ya kabati ikapasuka kiunoni. Bosi ni mwanamke mrefu asiyependa kununua kitu ambacho anaweza kukipata bure. Aliwapanga wafanyakazi wake tisa mstari mmoja, akawazungushia tepe mmoja baada ya mwingine. Aliyelingana na vipimo vya Namba Tatu, saizi inayoagizwa kuliko zote, alikuwa mkata vitambaa.

"Basi sanamu tumepata," Bosi alisema. "Na hii inatembea yenyewe."

Mkata vitambaa huyo wote humwita Rula. Jina hilo alilipata zamani, kwa sababu ya mstari wake wa chaki, ambao hunyooka hata pale ambapo meza imepinda. Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye tepe shingoni, mkasi wa kilo moja mkononi, na tabia ya kumtazama mtu mara moja na kumwambia saizi yake kabla hajamwambia habari za asubuhi. Kwa kukadiria unene wa watu wengine hajawahi kukosea.

Tangu siku ile utaratibu ukawa huu. Kila sare huzaliwa kwenye karatasi: mgongo, vipande viwili vya kifua, mikono, kola. Karatasi hizo hulazwa juu ya kitambaa, huzungushiwa chaki, ndipo mkasi hupita. Lakini kabla ya hapo, koti moja la mfano hushonwa kwa kitambaa duni cheupe, Rula hulivaa, na vifungo vyote sita lazima vifunge na kubakiza nafasi ya kidole kimoja. Vikifunga, Bosi hutia sahihi kwenye karatasi. Karatasi isiyo na sahihi haikatiwi hata leso.

Mwezi Mei shule moja iliagiza makoti ya maabara kwa wanafunzi wa miaka kumi na miwili. Badala ya kuchora upya, Rula alikunja karatasi za Namba Tatu akaenda nazo mtaa wa nyuma, kwenye duka la kunakili ramani za majengo. Pale kuna mashine pana kama kitanda, inayoweza kukuza au kudogosha mchoro wowote kwa kubonyezwa namba. Mwenye mashine ni mtu mnene mwenye miwani kichwani, asiyeongea bila kulazimishwa. Ukutani amebandika tangazo: MASHINE HAIKOSEI.

"Nipunguzie asilimia ishirini," Rula alimwambia.

Mnakili alibonyeza themanini. Karatasi ndogo zilitoka nyororo, makoti yakashonwa, watoto wakayavaa, mwalimu akashukuru. Rula alirudi kazini kama mtu aliyegundua moto. Kwa wiki mbili kila jambo alilipima kwa asilimia.

"Redio, punguza sauti asilimia thelathini."

Redio hakuwa chombo. Ni mshonaji wa cherehani ya karibu na meza ya kukatia, mwanamke anayesimulia habari tangu anapoweka uzi mpaka anapofunika cherehani.

"Nikipunguza thelathini utasikiaje mwisho wa habari?" alijibu, akaongeza.

Mwezi Juni likatokea jambo ambalo Rula hakumwambia mtu. Alikuwa akinyoosha mikunjo ya karatasi kubwa kwa pasi ya vuguvugu, kama kawaida yake, mlango ukagongwa, akaenda kufungua. Aliporudi, pasi ilikuwa imekaa katikati ya mgongo wa Namba Tatu, na mgongo una tundu la kahawia lenye umbo la pasi. Zile za kifua, zilizokuwa chini yake, zilikuwa zimeungua vilevile. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akazichana zote na kuzisukuma ndani ya gunia la makombo ya vitambaa. Kisha akachukua karatasi ndogo za watoto akarudi mtaa wa nyuma.

"Siku ile tulipunguza ishirini," alimwambia mnakili. "Leo niongezee ishirini zirudi kama zilivyokuwa."

Mnakili alishusha miwani. "Ishirini?"

"Ishirini. Tulitoa ishirini, tunarudisha ishirini. Kuna ugumu gani?"

Mnakili alipandisha miwani, akabonyeza mia na ishirini, akaandika kwenye kitabu chake, akapokea malipo. Rula aliondoka na Namba Tatu mpya, nyeupe, isiyo na mkunjo. Hakuipima kwa tepe. Mashine, alijiambia, haina mkono unaotetemeka.

Jumatatu ya tarehe 10 Julai Bosi aliwakusanya wafanyakazi wote na kutangaza kazi kubwa kuliko zote za mwaka: makoti sitini ya wauguzi wa hospitali, karibu yote Namba Tatu. Kitambaa kingenunuliwa na hospitali yenyewe na kuletwa baada ya wiki sita, kimepimwa mita kwa mita, bila hata shibiri ya ziada.

"Kwa hiyo hakuna kukosea," Bosi alisema akimtazama Rula. "Koti moja la hospitali likirudi hapa kwa kukatwa vibaya, meza hii nampa shemeji."

Shemeji, mdogo wa mume wa Bosi, alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku karibu na mlango, anasoma gazeti. Aliwahi kuwa mkata vitambaa mahali fulani, na kazi yake kubwa kwa sasa ilikuwa kungoja. Aliposikia jina lake alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali uteuzi.

Jioni hiyohiyo Rula alishona koti la mfano kwa mikono yake mwenyewe, akaingia nalo stoo, akafunga mlango, akalivaa. Kifungo cha kwanza kilifunga. Cha pili kikafunga kwa kuvutwa. Cha tatu na cha nne, vile vya nyongani, vilitazamana na matundu yao kwa mbali kama ndugu waliogombana.

Rula alivuta pumzi ndani, akajaribu tena. Akavua viatu, kana kwamba viatu huvaliwa nyongani. Vifungo havikusogea.

Mtu mwingine angewaza labda karatasi ina kosa. Rula hakuwaza hivyo, na sababu zake zilikuwa nzito. Karatasi ilitoka kwenye mashine, na mashine haikosei, imeandikwa ukutani. Kitambaa alikata mwenyewe, na yeye hakosei, wote wanajua. Kilichobaki kati ya karatasi na kitambaa ni mwili. Ubao ulisema arobaini na mbili, lakini ubao ulisema hivyo mwezi Machi, na kati ya Machi na Julai watu hula.

Hapo angeweza kuzungusha tepe na kumaliza ubishi. Tepe alikuwa nayo shingoni kwa saa kumi kila siku. Kwa wiki sita zilizofuata aliwazungushia wateja, wafanyakazi wenzake, na siku moja hata nguzo ya umeme, lakini nyonga yake mwenyewe hakuigusa. Mtu aliyewaambia wenzake unene wao maisha yake yote alijua vizuri jinsi habari hiyo inavyouma.

Badala yake akaanza kupunguza. Alianzia kwenye chai, aliyokuwa akiinywa na vijiko vinne vya sukari. Wiki ya kwanza alipunguza asilimia hamsini. Wiki ya pili akapunguza asilimia hamsini nyingine, akakoroga, akaonja, akakuta bado tamu.

"Humu kuna sukari," alimwambia mumewe.

Mumewe ni fundi saa. Hufanya kazi kwenye meza ndogo sebuleni, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni, na huongea bila kuinua kichwa.

"Kuna kijiko kimoja."

"Haiwezekani. Nimetoa hamsini, nikatoa hamsini. Jumla mia. Ingekuwa imekwisha."

"Hamsini ya kwanza ulitoa kwenye vijiko vinne, vikabaki viwili. Hamsini ya pili ukatoa kwenye hivyo viwili, kikabaki kimoja. Wiki ijayo utabaki na nusu, nyingine na robo. Utapunguza mpaka kaburini, mke wangu, na sukari bado itakuwemo."

"Wewe shughulika na saa zako."

"Nashughulika nazo. Na hizo nusu nusu zake hazinichanganyi."

Rula alimwaga chai yote, akatengeneza nyingine kavu, akainywa amesimama. Hesabu ya mumewe aliisikia, lakini aliiweka kwenye kundi la maneno ya mezani, ambayo humalizika vyombo vikitolewa.

Mkate ukafuata. Kisha wali wa usiku. Kazini alikuwa akifungua kopo la chakula cha mchana na kutoa matango, akiyatafuna huku akitazama ukuta.

"Mwenzangu," Redio alisema, "umekosana na nani? Maana unatafuna kama unalipiza kisasi."

"Nalinda afya."

"Afya gani inanuna hivyo? Nionyeshe nikae nayo mbali."

Kila Ijumaa Bosi aliuliza kuhusu koti la mfano, na kila Ijumaa Rula alijibu kwamba vifungo havijaja. Redio, aliyekuwa amekaa juu ya kopo lenye vifungo elfu mbili ili afikie cherehani vizuri, alikohoa lakini akanyamaza. Kwa mtu wa aina yake, huo ulikuwa urafiki wa hali ya juu.

Rula alianza pia kwenda kazini kwa miguu. Dakika arobaini kwenda, dakika arobaini na tano kurudi, kwa sababu njia ya kurudi ilipita mbele ya duka la mikate na pale alikuwa akisimama kidogo kupumua.

Na kila jioni, mlango wa stoo ukiwa umefungwa, alilivaa koti. Wiki ya tatu kifungo na tundu lake vilikuwa vimekaribiana kwa upana wa vidole viwili. Wiki ya tano, kimoja. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, siku kitambaa cha hospitali kiliposhushwa mlangoni katika marobota manne, vifungo sita vyote vilifunga na nafasi ya kidole ikabaki.

Rula alitoka stoo akiwa amelivaa, akasimama katikati ya karakana. Alitaka kulia na alitaka mkate.

Bosi alimzunguka, akaingiza kidole, akavuta kola. "Barabara," alisema. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye karatasi ya mgongo, kubwa, yenye mkia. Jioni hiyo koti la mfano likatumwa hospitali ili Matroni, mkuu wa wauguzi, naye Namba Tatu tangu ujana wake, apate kulijaribu kwa heshima ya kazi. Kukata kungeanza Jumatatu.

Jumapili Rula alikula kipande cha mkate, cha kwanza baada ya siku arobaini na kitu, akasimama kuosha sahani, na sketi yake ikashuka mpaka magotini.

Mumewe aliinua kichwa, jambo la nadra, akatoa kioo jichoni. "Hiyo ilikuwa na pini tatu."

"Nne."

"Na blauzi umeitia mikunjo mgongoni. Na gauni la harusi ya mdogo wako umelirudisha kabatini kwa sababu linapwaya. Nguo zote zinakukimbia."

"Ndiyo maana ya kukonda, baba watoto."

"Lakini koti la kazini linakutosha."

"Sasa linanitosha. Zamani lilikuwa linabana."

"Na lilikatwa kwa mwili wako wa mwezi Machi? Ule wa sketi hii?"

Rula aliokota sketi, akaipandisha, akaishikilia kwa mkono.

"Mimi," fundi saa alisema, akirudisha kioo jichoni, "nikiwa na saa za ukutani tisa zinazosema saa nne, na moja inayosema saa tano, sizifungui zile tisa."

Usiku Rula alilala vibaya. Asubuhi alitembea kwenda kazini kwa dakika thelathini na mbili.

Kitambaa kilikuwa tayari mezani, tabaka ishirini za weupe, zimelainishwa na kubanwa kwa vyuma pembeni. Karatasi yenye sahihi ya Bosi ililala juu yake. Rula alizungusha chaki kwenye mgongo, akazungusha kwenye mkono, akachukua mkasi. Aliufungua. Akaufunga, akauweka chini, akaingia stoo, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akajizungushia tepe nyongani.

Arobaini na robo, na unywele.

Alisimama na tepe mkononi. Mtu wa arobaini na robo akivaa koti la mtu wa arobaini na mbili, linapaswa kumwagika kama pazia. Lake lilikuwa limemshika sawasawa. Kwa hiyo koti halikuwa la arobaini na mbili, na tabaka ishirini za kitambaa kisicho na shibiri ya ziada zilikuwa zinangoja mkasi wake hapo nje.

Alitoka na karatasi ndogo za watoto zikiwa zimeviringishwa kwapani.

"Nakwenda kununua chaki," alimwambia Bosi.

"Chaki ya aina gani inafuatwa na karatasi?" Redio aliuliza, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Alimkuta mnakili akifuta kioo cha mashine.

"Kaka, mashine yako imenidanganya. Nilikuletea karatasi ukazipunguza, nikakuletea ukazikuza, hazikurudi zilivyokuwa."

Mnakili alionyesha tangazo ukutani kwa kidole gumba. Kisha akatoa kitabu chake, akalamba kidole, akafunua. "Mei, themanini. Uliomba punguzo la ishirini, nimeacha themanini. Juni, mia na ishirini. Uliomba ongezeko la ishirini, nimeongeza ishirini. Kosa liko wapi?"

"Ishirini kutoa, ishirini kurudisha!"

"Ishirini ya nini?"

"Asilimia!"

"Ndiyo, lakini asilimia ya nini, dada?"

Rula aliigeukia mashine kama shahidi. Mnakili alihema kama mtu anayelazimishwa kuongea. Aliokota utepe wa karatasi uliobaki kwenye roli, akaupima: sentimita mia. Akakata ishirini, akaitupa mezani.

"Hiki ulichoniletea Juni ni hiki kilichobaki. Themanini. Sasa kiongezee asilimia ishirini."

Rula aliokota kile kipande cha ishirini akataka kukirudisha mahali pake.

"Weka chini," mnakili alisema. "Hicho ni ishirini ya mia. Mia haipo tena, ulishaikata. Hapa mwenye nyumba ni themanini. Asilimia ishirini ya themanini ni ngapi? Kila kumi inakupa mbili. Makumi ni manane."

"Kumi na sita," Rula alisema polepole.

"Themanini na kumi na sita?"

"Tisini na sita." Alichukua tepe yake mwenyewe, akapima, kwa sababu hakutaka kuamini mdomo wa mtu. Tisini na sita. Zilipungua nne. "Hizi nne zimekwenda wapi?"

"Hazikwenda popote. Hukuziomba."

Rula alikaa kwenye kiti cha wateja. Asilimia nne ya inchi arobaini na mbili aliitafuta kwa vidole: asilimia moja ni karibu nusu inchi, kasoro kidogo, nne ni inchi moja na theluthi mbili hivi. Arobaini na mbili ukitoa hiyo, unapata arobaini na robo, na unywele. Kwa wiki sita alikuwa amekula matango ili kulingana na kosa lake mwenyewe, na alikuwa amelingana nalo bila kupitiliza hata nukta. Ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ilikuwa ya bure.

"Ningeomba ngapi?"

"Unataka kutoka themanini kufika mia. Unahitaji ishirini. Ishirini ni sehemu gani ya themanini?"

"Robo."

"Robo ni asilimia ngapi?"

"Ishirini na tano." Alisimama. "Kushuka ishirini, kupanda ishirini na tano. Nani aliyepanga hivyo?"

"Mimi nanakili tu," mnakili alisema, akabonyeza mia na ishirini na tano.

Safari hii Rula alizipima karatasi palepale, kila kipande, juu ya mashine, mpaka mteja mwenye ramani ya ghorofa akaanza kulalamika. Zilikuwa sawa.

Njiani alipanga la kusema. Karatasi mpya angeweza kuzibadilisha kimyakimya, lakini ile ya mezani ilikuwa na sahihi ya Bosi yenye mkia, na mkia ule hakuna mashine ya kuukuza. Ama akate makoti sitini kwa karatasi anayojua ni pungufu, ama aseme. Akisema, atalazimika kuanzia kwenye pasi, apitie kwenye vifungo vilivyokuwa "havijaja", amalizie kwenye nyonga. Shemeji angekuwa mezani kabla hajafika nusu.

Alipoingia alimkuta Bosi anacheka, jambo lililomtisha zaidi.

"Njoo usikie! Matroni amepiga simu. Koti limemkataa vifungo viwili. Analia huko: 'Koti lenu halina kosa, mimi ndiye nimenenepa.' Tangu Ijumaa usiku hajagusa mkate. Anaomba tungoje mwezi mmoja, na wauguzi wote wa Namba Tatu amewaamuru wajipunguze naye."

"Wote?" Rula aliuliza.

"Zaidi ya hamsini! Wodi nzima inakula matango." Bosi alijifuta macho. "Nimemwambia hakuna kungoja, sisi tunakata leo, wao wataendelea kukonda. Haya, shika mkasi."

Rula aliutazama mkasi. Aliona wanawake hamsini wanazunguka na vidonge na bomba za sindano, hawana sukari mwilini, wanapita mbele ya duka la mikate.

"Bosi, koti lina kosa," alisema. "Matroni hana."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Ya Redio ilinyamaza ya kwanza.

Alieleza yote. Pasi. Gunia la makombo. Ishirini ya mia na ishirini ya themanini, akitumia utepe wa mnakili aliokuja nao mfukoni. Alipofika kwenye wiki sita za matango, Redio alishika mdomo kwa mikono miwili. Alipofika kwenye vifungo, Redio alisimama kutoka kwenye kopo akalisogeza nyuma ya mguu.

Shemeji alikunja gazeti, akasimama, akanyoosha shati. "Shemeji, mimi nakata kwa macho," alimwambia Bosi. "Macho hayana asilimia."

"Najua. Makoti ya wale walinzi uliyokata kwa macho yalitoka na mkono mmoja mrefu. Mpaka leo wanapiga saluti kwa ule mfupi. Kaa."

Shemeji alikaa.

Bosi alikuwa hacheki tena. Alitembea mpaka mezani, akainua karatasi, akatazama kitambaa. "Umekata?"

"Sijakata. Nimechora chaki tu, na chaki inafutika."

"Hata tabaka moja?"

"Hata uzi."

"Nilisema koti la hospitali likirudi kwa kukatwa vibaya. Lile la Matroni ni kitambaa chetu." Alikuwa akihesabu maneno yake mwenyewe, kwa sababu Bosi hapendi kuvunja ahadi hata ile ya kumfukuza mtu. "Kwa hiyo halijarudi koti. Meza ni yako." Akaichana karatasi yenye sahihi yake katikati. "Ila umenifanya nitie sahihi kwenye uongo, na huko nje kuna mama mtu mzima analia kwa ajili ya kifungo. Simu ile pale. Mpigie wewe."

"Mimi?"

"Kwani nyonga iliyomdanganya ni yangu?"

Rula alipiga. Karakana nzima ilisogea, kila mtu akijifanya anatafuta uzi. Matroni alipokea mara moja, sauti yake nyembamba, na Rula akamweleza kwa sentensi nne, bila kuficha hata pasi.

Upande wa pili kitu kiliwekwa mezani kwa kishindo.

"Unaniambia," Matroni alisema, "sijanenepa."

"Hujanenepa, mama. Karatasi ndiyo iliyopungua."

"Na mimi siku tatu nakula majani."

"Mimi wiki sita, mama."

Ikasikika sauti ya kiti kuvutwa, na Matroni akipaza sauti kwa mtu aliyekuwa karibu naye: "Waambie waweke sukari! Ndiyo, wodi zote!" Akarudi kwenye simu. "Wewe mwanamke, jina lako nani?"

"Wananiita Rula."

"Nani alikupa jina hilo?"

"Watu, mama."

"Watu wana huruma." Lakini sauti ilikuwa imelegea. "Nitakuja mwenyewe. Na safari hii utanipima kwa tepe, si kwa kujivika wewe."

Koti jipya la mfano linashonwa kesho. Matroni anakuja Alhamisi, tarehe 31 Agosti, saa nne asubuhi, kulijaribu. Vifungo sita vikifunga, Ijumaa saa moja na nusu Rula anaanza kukata.